Wati 145 dhidi ya 70: geuza boksi kwanza

SIKIO LA IJUMAA
Na Hamisi Mkombozi

Mtu akitaka kuleta sinema sebuleni, swali lake la kwanza huwa: risiva ipi ina nguvu zaidi? Namba kubwa iliyochapwa mbele ya boksi haijibu swali hilo, na inaniuma kuona watu wakilipia namba.

Chukua mbili za bei nafuu, zote za 2018: Sony STR-DH590 na Denon AVR-S540BT. Sony inatangaza wati 145 kwa chaneli, Denon 70. Muuzaji atakwambia ya kwanza ina nguvu mara mbili. Sasa soma maandishi madogo. Zile 145 zimepimwa chaneli moja tu ikifanya kazi, kwa mlio mmoja wa hezi 1,000, kwenye omu 6, mkwaruzo ukifika asilimia 0.9. Zile 70 zimepimwa chaneli mbili zikilia pamoja, kuanzia besi ya hezi 20 hadi hezi 20,000, kwenye omu 8, mkwaruzo asilimia 0.08. Ikipimwa kwa namna inayokaribia hiyo, Sony yenyewe inaandika wati 90, tena kwenye omu 6. Pengo karibu lote limeyeyuka. Na hata wati zikiongezeka maradufu kweli, sauti hupanda desibeli 3 tu, sikio halitashtuka.

Marekani ina kanuni ya kutangaza wati za amplifaya tangu 1974. Huku kwetu sabufa inauzwa ikiwa na PMPO, yaani wati za kilele, za maelfu, na kibandiko cha nyuma kinasema inakula umeme usiofika wati 100. Hizo nyingine zinatoka wapi? Mnunuzi aliyejibana miezi kadhaa anastahili kuheshimiwa kuliko hivyo.

Mimi ningechukua Yamaha RX-V385. Ina wati 70 na HDMI nne za kuingizia, zinazotosha king'amuzi, deki na gemu. Haina Wi-Fi, ila Bluetooth ipo. Kinachonivutia ni maikrofoni yake ndogo: unaiweka pale kichwa chako kinapokaa kwenye kochi, risiva inapiga milio, inapima umbali wa kila spika na kusawazisha sauti. Kwenye sebule zetu za vigae na kuta tupu, ambako sauti hugonga na kurudi, huo ni msaada wa kweli. Pesa itakayobaki inunue spika nzuri ya katikati, kwa sababu maneno mengi ya waigizaji hutokea hapo.

Kwa umri wa risiva hizi, nyingi utazikuta ni mtumba. Soma volti nyuma kabla ya kutoa hela: iliyotoka Marekani ni ya 120, na soketi yetu ni 230, kwa hiyo bila transfoma itaungua. Kisha muuzaji aiwashe, spika zote tano zilie ukiwa umesimama hapo.