Kamba ya Kupimia Nyota

Barazani petu Mombasa yuko mzee ambaye kila zikitajwa nyota huuliza: "Nani aliyekwenda huko juu na kamba?" Wenzangu hucheka, na kicheko hicho ndicho kinachoniudhi, kwani swali la mzee ni la haki. Wa kulaumiwa ni sisi tuliosoma, tunaojibu, "Ndivyo wasemavyo wataalamu," tukadhani tumejibu.

Jawabu nililipata bara, wala si darasani. Nilikuwa Embu alfajiri, mawingu hayajaufunika Mlima Kenya. Ulikuwa kaskazini yangu, umeegemea magharibi kidogo. Nikapanda matatu kupitia Runyenjes na Chuka, mlima mkono wa kushoto, nikalala Meru. Kesho yake baada ya swala nikautazama tena. Lo! Sasa uko magharibi, umeegemea kusini. Mlima haukutembea, aliyetembea ni mimi. Basi mtu akijua umbali wa Embu hadi Meru kwa mstari ulionyooka (si kwa barabara ile yenye kona), akapima kwa dira mlima uko pembe gani huku na huku, huchora pembetatu akaupata umbali wa kilele bila ya kukikanyaga.

Nyota hupimwa vivyo hivyo, ila matatu ya wanafalaki ni dunia yenyewe. Huitazama nyota leo, wakaitazama tena baada ya miezi sita, dunia ikiwa upande wa pili wa jua, kiasi cha kilomita milioni 300 kutoka pale ilipokuwa. Nyota ya karibu huonekana imesogea mbele ya zile za mbali. Husogea kidogo mno, hata ikawa mwaka 1838 ndipo Mjerumani Friedrich Bessel alipofaulu. Mwanga wa nyota aliyoipima huchukua miaka 11 kutufikia, nao hukimbia kilomita 300,000 kwa sekunde moja.

Kwa zilizo mbali sana pembe hazifai kitu. Hapa wavuvi wetu watanifahamu upesi. Ukiona karabai baharini usiku, nawe waijua nguvu yake, kufifia kwake hukuambia mashua iko mbali kiasi gani. Mwaka 1912 Henrietta Leavitt wa Marekani alionyesha kwamba ziko nyota zinazong'aa na kufifia kwa zamu, na zamu ikiwa ndefu nyota huwa na nguvu zaidi. Zikapatikana karabai za mbinguni. Nakiri kwamba kipimo hiki wataalamu wangali wanakisahihisha. Lakini kusahihisha si kubahatisha.

Wako wasemao elimu hii ni ya Wazungu. Hao siwaelewi. Yapata miaka elfu iliyopita Al-Biruni, huko Nandana katika nchi iitwayo leo Pakistan, alipima urefu wa mlima, akapanda juu, akapima jinsi upeo wa macho ulivyoinama, akapata ukubwa wa dunia nzima, karibu sana na hesabu ya leo. Kwa nini basi mwalimu wa madrasa asiwatoe vijana nje wakapime japo mnara wa msikiti kwa kivuli chake?

Niliporudi nilimweleza mzee yote haya. Akanyamaza kitambo, kisha akauliza: "Na huo umbali wa Embu hadi Meru, nani aliyeupima?"

Ikanibidi nikiri kwamba wapima ardhi wa zamani walianza kazi zao kwa mnyororo, wakiukokota chini.

"Ahaa," akasema mzee. "Kumbe kamba ilikuwako."