Hati za wazee wenye usahaulifu zichunguzwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua ili nitoe maoni yangu juu ya hati za uwakilishi, yaani karatasi ambayo mtu humpa mwenzake madaraka ya kuuza mali au kupokea fedha kwa niaba yake.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi wilayani Handeni. Kijijini mwalimu ndiye huitwa kusoma karatasi za watu na kuwa shahidi. Miaka miwili iliyopita kijana mmoja aliniletea hati ambayo babu yake, mkata mkonge wa zamani huko Korogwe, alimpa madaraka juu ya shamba la ekari nne. Mzee alitia dole gumba, nami nikatia sahihi. Asubuhi ile aliniuliza mara tatu mimi ni mtoto wa nani, ingawa wajukuu zake nimewafundisha. Nilicheka tu, nikasema mzee ameula chumvi nyingi.

Hati ilipelekwa mjini ikapigwa muhuri bila mzee kufikishwa huko. Bibi aliambiwa ni karatasi ya mbolea ya ruzuku, naye akatia dole gumba. Halmashauri ya kijiji ilipoona muhuri na sahihi ya mwalimu haikuuliza zaidi. Shamba likauzwa. Leo bibi analima kwa kukodi, na mzee bado anabeba jembe kwenda kwenye shamba lisilo lake.

Kosa langu nalikiri. Lakini sheria nayo ina pengo. Sheria ya Mikataba, vifungu vya 11 na 12, inamtaka anayefanya mkataba awe na akili timamu, yaani aelewe analolikubali na aweze kupima faida na hasara yake. Sheria hiyo hiyo inasema uwakala hukoma mwenye mali anapopoteza akili timamu. Kwa hiyo hati iliyotolewa na mzee asiyeelewa ni batili, na ile aliyoitoa akiwa mzima hukoma wakati anapoihitaji zaidi. Je, ni nani anayechunguza? Usahaulifu wa uzeeni hauingii kwa siku moja kama homa. Leo mzee anakumbuka deni la mwaka 1974, kesho hamjui mkewe.

Ni kweli Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 inaruhusu mahakama kuteua msimamizi wa mali ya mgonjwa. Lakini kwa familia nyingi za vijijini, nauli na siku za kesi ni mzigo mzito. Wao huona dole gumba ni rahisi zaidi.

Tanzania iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu. Ibara ya 12 inataka uwepo ulinzi dhidi ya matumizi mabaya ya madaraka ya namna hii. Huko Uingereza, sheria ya mwaka 2005 inakubali hati inayoendelea hata baada ya mtu kupoteza uwezo wa akili, lakini lazima isajiliwe, na mtu asiye mwakilishi athibitishe kuwa mwenye mali ameelewa na hakulazimishwa.

Nashauri Bunge litunge masharti kama hayo. Hati isomwe mbele ya mzee kwa lugha anayoielewa, iwe Kiswahili au Kizigua, na anayepewa madaraka awe nje. Mganga wa kituo cha afya athibitishe hali ya mzee. Nakala ibaki ofisi ya kijiji, na kila mwaka mwakilishi atoe hesabu. Tena mwakilishi asijiuzie mali, wala asimwuzie ndugu yake.

Wapo watakaosema kuwa masharti haya yatawasumbua watoto waaminifu wanaotafuta fedha za dawa za wazazi wao. Naamini aliye mwaminifu hataogopa kutoa hesabu. Hati yenye nguvu ya kweli itamsaidia yeye kuliko karatasi inayoweza kupingwa siku yoyote.

Wakati tukingoja sheria, sisi mashahidi tuanze. Mimi sasa humwuliza mzee kwanza: "Karatasi hii inasema nini?" Akishindwa kunieleza, sitii sahihi.

Mwalimu wa Kijiji,
Handeni.