Kubadilisha Si Kutengeneza

Leo nina hasira, na sababu yake ni honi.

Nina pikapu ya Datsun 1200 aliyoniachia baba. Mnaijua, ile ndogo ya kubeba maziwa na viazi, ambayo binamu yake Nissan 1400 aliendelea kuundwa Afrika Kusini hadi 2008. Mwezi uliopita honi ilinyamaza. Niligundua nikiwa mteremkoni, mtoto wa shule katikati ya barabara amenipa mgongo. Nikabonyeza. Kimya. Breki ndizo zilizotuokoa, na sitaki kusema zaidi.

Huko gereji fundi akabonyeza usukani mara moja tu: "Bosi, honi imekufa, nunua ingine." Nikanunua, 1,800. Kimya. "Basi ni rilei." Nikanunua, 600. Kimya. "Basi tubadilishe waya zote." Hapo nikaomba ufunguo wangu.

Jamani, huko ni kupiga ramli kwa pesa za mwenye gari!

Nyumbani nikatoa mita ya umeme, ambayo niliinunua kwa bei ya chini kuliko hiyo honi. Honi ya zamani nikaiunganisha moja kwa moja na betri: ikalia mpaka kuku wa jirani wakatawanyika. Nzima kabisa. Kwenye rilei mita ikasoma volti 12.5, kwa hivyo fyuzi haina neno. Ikabaki njia ya kitufe. Katika magari mengi ya zamani kitufe cha honi hakipeleki moto. Kazi yake ni kuugusisha waya wa rilei na bodi ya gari, yaani upande hasi wa betri, kisha rilei ndiyo hupitisha umeme mwingi unaotakiwa na honi. Nikachukua kipande cha waya, nikaugusisha ule wa kitufe na bodi mwenyewe. Honi ikalia. Basi ugonjwa uko kati ya rilei na kidole changu.

Nikachomoa betri, nikafungua usukani. (Kama usukani wako una mfuko wa hewa, usiniige, ukilipuka utakuumiza.) Pete ya shaba ilikuwa imeota kutu ya kijani, na kile kijiti cha kuigusa hakigusi kitu. Msasa wa shilingi 30, dakika kumi. Imekwisha.

Mtaniambia fundi ana watoto wa kulisha na foleni ya magari. Sawa, lakini kupima kulichukua muda mfupi kuliko safari zangu mbili za duka la vipuri.

Na sisi waandishi wa programu tusicheke. Mwaka jana seva ya mteja wetu ilikuwa inakwama kila wiki. Tukawa tunaiwasha upya. Kisha nikashauri aongeze memori, akalipa, ikakwama tena. Siku tuliposoma kumbukumbu za seva, jambo ambalo lilituchukua kama saa moja, tulikuta programu yetu wenyewe inafungua miunganisho ya hifadhidata na haiifungi. Mstari mmoja tu! Ile memori haikuhusika hata kidogo, na aliyemwandikia ankara ni mimi.

Honi mpya na rilei nimezirudisha kwenye boksi zao. Jumatatu nazipeleka dukani nione watanijibu nini. Mteja wa memori nitampigia siku hiyo hiyo.