Kijapani Hakisomwi "Kama Kiswahili Tu"

Kuna kauli moja ambayo nimechoka kuisikia, hasa inapotoka vinywani mwa walimu: kwamba Mswahili ajifunzaye Kijapani hana haja ya kuhangaika na matamshi. Irabu zao ni tano, nasi tunazo tano (ingawa u yao haiviringi midomo kama yetu). Silabi zao huishia kwa irabu, na zetu kadhalika. "Someni kama Kiswahili tu," wanafunzi huambiwa siku ya kwanza, na somo la matamshi huwa limekwisha.

Nilifundisha Kiswahili sekondari hadi nikastaafu. Kijapani nimeanza kujifunza uzeeni, kwa ukaidi tu. Kauli hiyo naikataa kwa sababu ya sauti moja: king'ong'o ambacho Wajapani hukipa herufi yake pekee, ん, nasi tukakipokea kwa herufi za Kirumi kana kwamba ni n ya nanasi.

Chukueni maneno mawili, kinen na kin'en. La kwanza ni ukumbusho. La pili ni marufuku ya kuvuta sigara. Aliyeambiwa asome kama Kiswahili huyatamka sawasawa, wala ritifaa haimsaidii, maana katika ng'ombe ritifaa hutuambia g isisikike, ilhali katika kin'en hutenga n na irabu inayofuata. Mwanafunzi wangu mmoja wa zamani, mwenye pumu, alikwenda Japani kusoma miaka ile migahawa ya huko ilipokuwa ingali na sehemu za wavutaji. Aliomba kiti cha kin'en, akatamka kinen. Mhudumu akamtazama asielewe. Alirudia mara tatu, kisha akaketi alikoelekezwa, katikati ya moshi. Aliponisimulia alikuwa akijilaumu mwenyewe. Mimi namlaumu aliyemfundisha.

Malenga yeyote angemwokoa kwa dakika tano. Kinen ina mizani tatu: ki-ne-n. Kin'en ina nne: ki-n-e-n. Ile ん hujitegemea, ina muda wake kamili, kama m ya mtu. Nasi tunayo jozi ya namna hiyo hiyo: mbuni ndege ana mizani mbili, mbu-ni, mbuni mti wa buni una tatu, m-bu-ni. Mshairi asiyetofautisha hayo ubeti wake huchechemea, na hapa hatumwonei haya, tunamwambia. Haiku nayo, kwa mizani zake 5, 7 na 5, huhesabu hivyo hivyo: Nihon ni tatu, shinbun, yaani gazeti, ni nne. Kwa hiyo wanaotunga haiku za Kiswahili wakamhesabu mtu kuwa silabi moja, eti ndivyo wafanyavyo Wajapani, wamewasingizia Wajapani na kuikosea lugha yao wenyewe.

Baada ya kuhesabu kuna kutamka. Mbele ya b, p na m, king'ong'o hiki huwa m, ndiyo maana shinbun husikika shimbun. Hili halipaswi kumshangaza asemaye njia nzuri kisha njia mbaya. Mbele ya k hurudi nyuma kikawa ng', kama katika ginkō, benki. Hadi hapo Kiswahili kinatubeba. Kuanzia hapo kinatutupa. Mbele ya irabu, y au s, ncha ya ulimi haigusi popote. Pumzi hugawanyika puani na mdomoni, na irabu iliyotangulia huenda na ung'ong'o. Mwisho wa neno, kabla ya kimya, nyuma ya ulimi huinuka kuelekea kimio. Sauti hiyo hatunayo, na tusipoifanyia mazoezi tutafanya tulivyozoea, tutaibandika irabu, kama tulivyolifanya neno treni. Mimi mwenyewe nilipata kuomba hon, kitabu, nikasema "honi". Mwalimu wangu, kijana wa umri wa wajukuu zangu, alishindwa kujizuia kucheka.

La kuudhi zaidi ni kwamba tunaacha mali yetu bila kuitumia. Katika lafudhi ya jadi ya Tokyo, g iliyo katikati ya neno hutamkwa ng': kagami, kioo, husikika kang'ami. Vijana wengi wa huko wameiacha, lakini kamusi ya matamshi ya NHK bado huiwekea alama. Sisi ng' tumezaliwa nayo, hata mwanzoni mwa neno, mahali ambapo Mjapani haitumii. Ni mwalimu gani amepata kuwaambia wanafunzi wetu hivyo? Badala yake twaandika "ngombe" kwenye simu na kuona tumeokoa wino.

Ninachotaka si kikubwa. Siku ya kwanza mwalimu wa Kijapani aandike ubaoni mbuni na mbuni, awaache wanafunzi wabishane, kisha wazipige mizani kwa makofi, mbili na tatu. Chini yake aandike kinen na kin'en, wapige tena, tatu na nne, hadi darasa zima lipige pamoja. Kitabu cha kiada kingoje kipindi cha pili.