Shahidi Alikuwa Dereva

KIBARAZANI na Mwinyi Kitwana

Jumanne nilikuwa nimeketi kwenye kiti cha plastiki katika ofisi ya kata moja mkoani Pwani. Nilimsindikiza binamu yangu, ambaye mwanawe ametimiza miaka miwili, na mwenyekiti wa mtaa alikuwa amepita nyumba kwa nyumba akiwaita kina mama wenye watoto chini ya miaka mitano. Kuna mradi, alisema. Kuna na soda.

Kijana wa mradi alikuwa na fulana nyeupe, kishikwambi mkononi, na sauti ya mtu aliyekwisha kutoa hotuba ile ile mitaa miwili kabla ya kufika kwetu. Anatafuta watoto wa kuingia kwenye majaribio ya dawa ya malaria. Neno lake la kwanza lilikuwa "msiogope." Hakukuwa na aliyeogopa. Wengine walikuwa wananyonyesha, wawili wanasukana, na mmoja alikuwa akigombana kwenye simu na mtu wa bodaboda juu ya gunia la mkaa.

Kisha akaanza kusoma fomu ya ridhaa, akateremka nayo kama lori lililokatika breki kwenye mteremko wa Kitonga. Katikati ya mteremko bibi mmoja mwenye mjukuu mgongoni akanyoosha mkono. "Mwanangu, huyu akichemka usiku wa manane baada ya kumeza hiyo dawa yenu, nampigia nani?" Kijana akatabasamu. "Hilo limo ukurasa wa tisa, bibi. Tutafika."

Hatukufika. Kwenye ukurasa wa saba soda zikaingia.

Baada ya soda, saini. Yule bibi hajui kusoma, na taratibu za utafiti ziko wazi kuhusu watu kama yeye: lazima awepo shahidi asiyefungamana na mradi, asikie fomu yote ikisomwa, aone maswali yakijibiwa, ndipo dole gumba liguse wino. Shahidi aliyeletwa alikuwa dereva wa mradi. Muda wote alikuwa nje ameegemea gari, anakula muhogo wa kukaanga. Akaitwa, akafuta mafuta kwenye suruali, akatia saini. Ikaletwa fomu nyingine, akatia saini. Alishuhudia watu ambao hata majina yao hakuyauliza.

Nilipomuuliza kijana kama hiyo ni sawa, aliniambia, kwa upole kabisa, "Mzee, tuna idadi ya kufikisha Ijumaa."

Basi nami nitasema mapema ili msinisubiri: hawa hawatafuti washiriki, wanajaza hesabu. Na wasipoijaza, ripoti itaandikwa kwamba jamii ina uelewa mdogo na inahitaji kuelimishwa. Bibi ameuliza swali la maana kuliko yote yaliyoulizwa siku ile, halafu yeye ndiye mwenye uelewa mdogo!

Nilimsimulia shemeji yangu, kosa ambalo silikomi. Hapo hapo akasema "mumiani." Wa rika langu mnakumbuka: gari la zimamoto likipita, tunajificha uvunguni, maana tuliambiwa linakusanya damu za watu. Shemeji amestaafu kazi ya benki na bado hasogei karibu na gari jekundu. Kisha akanitajia Kano, kama kawaida yake, na kwenye Kano siwezi kumbishia. Mwaka 1996, homa ya uti wa mgongo ikiua watu kaskazini mwa Nigeria, kampuni ya Pfizer ilijaribu dawa yake mpya kwa watoto 200, nusu wakipewa hiyo mpya na nusu dawa iliyozoeleka. Watoto 11 walikufa, watano upande mmoja na sita upande mwingine. Familia zilisema hazikuambiwa kuwa yale ni majaribio. Kampuni ilikana kosa, na mwaka 2009 ikakubali kulipa dola milioni 75 kumaliza shauri na jimbo la Kano. Shemeji hukumbuka Kano lakini hakumbuki ankara ya maji.

Ila hofu ya mumiani ina jibu jepesi. Mililita tano za damu ya kupima ni kijiko kimoja cha chai. Ungemwonyesha bibi kijiko, ungekuwa umemaliza. Kijana alisema "kiasi kidogo cha sampuli" akafungua ukurasa.

Lakini mbona bibi alitia dole? Hapa ndipo wataalamu wanaponichosha. Wataandika kwamba ameridhia kwa hiari, ameelewa, amevutiwa na sayansi. Bibi amevutiwa na daktari. Zahanati ya kata ile ina muuguzi mmoja mwenye moyo, dirisha la dawa lililofungwa, na karatasi ya kwenda kununua dukani. Mradi una daktari anayempima mtoto kuanzia kichwani hadi unyayoni, una dawa kabatini na una gari. Nani asingetia dole? Mimi ningetia madole yote kumi.

Na mtu aliyeingia kwa ajili ya daktari, usishangae akikudanganya kuhusu dawa. Uliza waliofanya ule utafiti mkubwa wa vidonge na jeli za kuzuia VVU, ulioitwa VOICE: wanawake 5,029 wa Afrika Kusini, Uganda na Zimbabwe. Walipoulizwa walisema wanatumia, karibu asilimia 90. Damu zao zilipopimwa, dawa haikuonekana hata kwenye theluthi moja ya sampuli. Matokeo yalitangazwa 2013 na hakuna bidhaa iliyoonyesha kufaa. Hesabu ilijaa, utafiti ukabaki mtupu.

Halafu kuna nauli. Kina mama waliahidiwa elfu kumi kila wanapokwenda kliniki. Nimewahi kualikwa kwenye semina ya hotelini ambako watu wazima walijadili tangu asubuhi hadi mchana kama fedha ya namna hiyo inaweza kumshawishi maskini kupita kiasi. Jioni tukapanga foleni kusaini posho. Hakuna aliyeuliza kama posho imemshawishi mtu kupita kiasi.

Shemeji anasema basi tukatae yote. Hapana. Mbu wa malaria wako kwetu, na dawa haiwezi kupimwa mahali ambako watu hawaugui malaria. Chanjo ya kwanza ya malaria iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, Oktoba 2021, isingefika popote bila watoto 15,459 waliojaribiwa katika vituo 11 vya nchi saba kuanzia 2009 hadi 2014. Vituo viwili kati ya hivyo ni vyetu: Bagamoyo na Korogwe. Sasa angalieni kilichofuata. Mwaka 2019 chanjo hiyo ilipoanza kutolewa kwa majaribio kwenye kliniki za kawaida, nchi zilikuwa Malawi, Ghana na Kenya. Tanzania haikuwamo. Watoto wa Korogwe walikuwa wameshatoa vijiko vyao.

Naambiwa presha na kisukari navyo vinahitaji watu wa kujaribia dawa. Vizuri. Presha na kisukari viko tele Masaki, kwa wenye nazo wa Dar es Salaam. Nasubiri kuona kijana mwenye fulana nyeupe akigonga geti huko, amlete dereva wake awe shahidi.

Kwa wale mtakaoitwa kwenye ofisi za kata na kuahidiwa soda: simkatazi mtu kuingia, ila soda mnywe baada ya ukurasa wa mwisho. Shahidi mleteni ninyi, jirani anayejua kusoma na asiyelipwa na mradi. Mtoto mnaweza kumtoa siku yoyote bila kutoa sababu, na matibabu yake ya kawaida hayapaswi kuguswa. Na fomu huwa na nakala mbili. Moja ni yenu. Msitoke bila kuifunga kwenye pindo la kanga.