Mpira Haujawahi Kula Kitabu

Siku Ingwe inacheza, Kangemi inajua. Jezi za buluu na nyeupe zinajaa steji, na wazee wanarudi miaka ya themanini. Jina moja halikosi: JJ Masiga. Mshambuliaji wa AFC Leopards na Harambee Stars, aliyecheza raga pia, na ambaye ni daktari wa meno. Wala hakungoja kutundika daluga ndipo aingie darasani. Alisomea Chuo Kikuu cha Nairobi huku akifunga mabao.

Wazee haohao wakifika nyumbani wanamwambia mtoto: "Weka huo mpira chini, shika kitabu." Masiga wanamsifu barabarani, halafu wanamzuia asitokee kwao.

Najua jibu lao: huyo alizaliwa tofauti. Haya, na Mike Boit? Shaba ya mita 800, Munich 1972. Dhahabu ya Jumuiya ya Madola, Edmonton 1978. Katikati hapo Kenya ikasusia Olimpiki ya 1976, kisha ya 1980. Miaka yake bora ikaliwa na siasa. Lakini alikuwa anasoma. Alipata shahada ya uzamivu Marekani, akarudi kuwa profesa Chuo Kikuu cha Kenyatta. Angekuwa na miguu tu, ile misuso miwili ingemmaliza.

Kipaji walikuwa nacho, sikatai. Lakini pia walipata mahali ambapo hakuna aliyewaambia wachague. Chuo cha Marekani kilimtaka Boit kwa mbio zake na kikamfundisha. Masiga alitoka lekcha akaenda mazoezi, na kote alipokelewa.

Sasa mtoto wa mtaa huu ana nini? Akifika gredi ya 10 anachagua mkondo mmoja kati ya mitatu: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Mtaala wenyewe hausemi kwamba mchezaji ni mjinga. Sisi ndio tunausoma hivyo, tukiuona huo wa tatu kama kapu la waliobaki. Mtoto wa miaka 15 mwenye chenga na mwenye kemia, tunataka ajikate upande gani?

Na msidhani nawasema wazazi peke yao. Kuna makocha wanaomtoa mtoto darasani kwa sababu ya mechi, akiumia goti wanamrudishia mamake na deni la karo. Hao hawakuzi kipaji. Wanakitumia tu.

Kwa hivyo, mzazi: mtoto akifeli hesabu, mtafutie wa kumfundisha hesabu. Kumnyima mpira hakujawahi kumfundisha mtu kugawanya. Kocha: kabla ya kumpa jezi, itisha ripoti ya shule, na mazoezi yaanze baada ya kengele. Kaunti: tupeni viwanja na maktaba, na mlinde vilivyopo kabla havijageuka fleti. Kutoka hapa unafika kampasi ya Upper Kabete kwa miguu. Umbali si shida yetu.

Kama hayo ni mengi, basi tuache kuwatajia watoto jina la Masiga. Si haki kumsifia mtoto mtu ambaye tumeshamkataza kuwa.