Saladi ya wifi na upawa wa mpishi

Wifi yangu anauza madira na vitenge Mtaa wa Congo, Kariakoo, na kwa miezi mitatu chakula chake cha mchana kilikuwa saladi tu. Miezi mitatu, jamani. Mtu anaamka saa kumi na moja alfajiri kuwahi mwendokasi, anasimama kutwa kwenye lile joto na zile kelele, halafu saa saba mchana anapita mbele ya sufuria la pilau asigeuze hata shingo. Mimi nisingeweza, nasema ukweli.

Kilichompeleka huko ni kliniki. Alikwenda kwa ajili ya kichwa kilichokuwa kinamuuma, wakampima presha wakakuta iko juu, wakapima na sukari wakakuta imekaa mpakani. Kisukari bado, lakini kimeshapiga hodi. Akaambiwa apunguze uzito, apunguze wanga, ale mboga. Maelezo yakaishia hapo maana foleni nyuma yake ilikuwa ndefu.

Akafuata. Wali akaacha, ugali akaacha, chapati za asubuhi akaacha. Mchana anapanda mgahawa mmoja wa ghorofani, si mbali na Mnazi Mmoja, anaagiza saladi ya kuku ya shilingi 15,000. Kwa mama ntilie wake wa siku zote angekula wali maharage na mchicha kwa 2,500. Piga hesabu mwenyewe, siku sita kwa wiki, uone hela iliyokwenda. Alikuwa anailipa kama mtu anayelipa dawa.

Siku ya kurudi kliniki mizani ikaonyesha ameongezeka kilo mbili. Aliyempima akamwangalia akamuuliza, "Mama, tuwe wakweli, usiku unakula nini?" Wifi hakujibu. Alitoka nje, akapanda bajaji, akanipigia simu analia. "Wifi, mimi wamenichezea. Mwili huu si wa kawaida."

Sikuwa na la kumjibu. Nilimwambia tu kesho mchana nakuja tule wote.

Saladi ilipofika mezani nikaelewa kwa nini alikuwa anaivumilia. Ilikuwa nzuri! Bakuli kubwa, majani ya letusi chini, nyanya, tango, karoti. Juu yake vipande vya kuku vilivyovingirishwa unga vikakaangwa hadi vikawa vya dhahabu. Yai la kuchemsha. Parachichi la kutosha. Jibini ya kukunwa. Vipande vya mkate vya kukaanga vinavyolia kwenye meno. Na juu ya vyote, sosi nyeupe yenye rangi ya waridi kidogo, imemwagwa mpaka majani yanang'aa. Wifi alikula akamaliza, akachukua mkate akafuta bakuli. Hakuna kosa, mimi mwenyewe nilifuta langu.

Kabla ya kuondoka nikaomba kumwona mpishi. Alikuwa kijana mchangamfu, akidhani nakuja kulalamika. Nikamuuliza sosi ile inatengenezwaje. Akasema bila kuficha: mayonizi, tomato sosi, mtindi kidogo, kitunguu saumu, chumvi na sukari kidogo "ili ikae vizuri mdomoni, mama". Nikamuuliza anaweka kiasi gani. Akaninyanyulia upawa. "Huu, mmoja na nusu. Nikipunguza, mteja anairudisha anasema ni kavu."

Nilirudi nyumbani na ule upawa kichwani. Ninao unaofanana nao, nikaupima kwa maji: unajaa vijiko vinne vya chakula. Kwa hiyo mmoja na nusu ni vijiko sita.

Sasa msomaji wangu, hapa nivumilie tufanye hesabu kidogo. Kalori ni kipimo cha nguvu iliyomo kwenye chakula, kama lita zinavyopima petroli. Mwanamke mtu mzima wa shughuli za kawaida anahitaji kama 2,000 kwa siku. Gramu moja ya wanga au protini ina kalori 4. Gramu moja ya mafuta ina 9. Mafuta yoyote, ya alizeti, ya mawese, ya zeituni yale ya bei mbaya. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta kina kalori kama 120.

Na mayonizi ni mafuta. Wengi tunaiona nyeupe na laini tukadhani ni jamaa wa maziwa. Hapana. Ni mafuta ya kula yaliyopigwa pamoja na kiini cha yai na siki au limao mpaka yakashikana, na mayonizi ya kawaida ya dukani huwa na mafuta asilimia 65 mpaka 80. Kijiko kimoja kilichosawazishwa ni kalori kama 90 mpaka 100. Nimesema kilichosawazishwa. Nilichota kama tunavyochota sisi, kwa mlima, nikaweka kwenye mizani ninayopimia unga wa keki, uzito ukakaribia mara mbili.

Basi bakuli la wifi. Mboga zote pamoja, letusi, nyanya, tango na karoti, hazifiki hata kalori 50. Yai 75. Parachichi gramu mia moja 160. Jibini gramu thelathini kama 120. Mkate wa kukaanga tuseme 80. Kuku aliyevingirishwa unga namkadiria 250, na hapo nimemwonea huruma. Sosi, kwa kuwa imechanganywa na mtindi, nikaipa kalori 80 kila kijiko: vijiko sita ni 480.

Jumla inapita 1,200. Juisi ya embe aliyoshushia sikuihesabu.

Nikarudi kwa mama ntilie. Vikombe viwili vya wali mweupe ni kama 400, kikombe cha maharage 225, mchicha uliokaangwa kwa kijiko kimoja cha mafuta tuupe 150. Haifiki 800. (Maharage yakiungwa kwa tui zito la nazi hesabu inabadilika, na wapishi wetu wa Pwani tunawajua.) Wifi alikimbia wali wa 2,500 akaenda kulipa 15,000 apate kalori mia nne zaidi. Nilipomwonyesha karatasi alikaa kimya muda mrefu. Kisha akauliza, "Kwa hiyo sijalogwa?"

Nilicheka, lakini hakuwa anatania.

Nataka niwe mkweli kwa yule kijana mpishi. Hakumdanganya mtu. Kwenye menyu imeandikwa saladi na aliyoleta ni saladi. Marekani tangu Mei 2018 migahawa mikubwa yenye matawi mengi inalazimika kisheria kuandika kalori kwenye menyu, na Uingereza wakafuata upande wa England Aprili 2022 kwa makampuni yenye wafanyakazi 250 na zaidi. Hapa kwetu menyu inakutajia bei tu. Ya ndani ya bakuli utajua ukiuliza.

Wala si wifi peke yake. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 2015-16 ulikuta wanawake 28 katika kila 100 wa umri wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi au unene, na mijini ni wengi kuliko vijijini. Sisi wa Dar tunajitahidi kwa namna tunayoijua. Tunaacha ugali, tunakwenda kwenye saladi. Harusini tunapita wali mbali kwa heshima, halafu tunajaza sahani saladi ya viazi na ile ya kabichi iliyozama kwenye mayonizi.

Mimi nimekulia kwenye kachumbari. Mama alikuwa ananituma Kariakoo, sokoni shimoni, miaka hiyo kabla moto wa Julai 2021 haujapita pale, kununua nyanya na vitunguu na ndimu. Nyanya, kitunguu kilichooshwa kwa chumvi, tango, pilipili ukipenda, ndimu juu. Bakuli zima la kachumbari hiyo halina kalori mia moja. Ndimu inafanya kazi yote ambayo sosi inajidai kuifanya. Sijui ni lini tuliamua kwamba kachumbari ni ya kusindikizia pilau na saladi ndiyo ya watu wanaojali afya.

Msinielewe vibaya mkaanza kuogopa mafuta. Mwili unayahitaji, na kwenye mboga yana kazi maalumu: ile lishe ya karoti, mchicha na nyanya ambayo mwili huigeuza vitamini A, na vitamini E na K pia, huingia mwilini vizuri zaidi pakiwa na mafuta kidogo. Kipande cha parachichi kinatosha. Kijiko cha chai cha mafuta ya alizeti kilichopigwa na ndimu kinatosha bakuli zima. Tofauti iko kati ya kijiko cha chai na upawa.

Mkinunua chupa dukani, geuzeni nyuma. Pale Kariakoo chupa nyingi zinatoka nje, na za Afrika Kusini huandika nguvu ya chakula kwa kilojuli. Gawa kwa nne, utapata kalori kwa makadirio ya haraka. Halafu tazama safu ya gramu 100, si ile ya "kwa kijiko", maana kijiko chao na chako si kimoja. Zile zilizoandikwa zina mafuta kidogo, soma sukari na chumvi kabla hujafurahi. Kwa mwenye presha chumvi ndiyo ya kuangalia zaidi: Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asivuke gramu 5 kwa siku, kijiko kimoja cha chai, kwa vyakula vyote pamoja. Sosi ya soya na sosi za chupa zinakula fungu kubwa la kijiko hicho kimyakimya.

Kuna jambo nilitaka kuliacha lakini wifi ameniruhusu niliandike. Ana binti wa miaka kumi na miwili. Shuleni wanamwita Bonge. Alipoona mama yake anakula saladi, naye akasusa chai ya asubuhi na wali wa usiku, akawa anaomba hela ya kununua saladi. Mama akafurahi, akampa. Kumbe mtoto alikuwa ananunua kabichi ya banda la chipsi iliyochanganywa na mayonizi, anakula hiyo na maji, mpaka siku moja akaanguka mstarini asubuhi. Njaa.

Ile mayonizi ya bandani nayo ina hatari ya pili: ikiwa ya kutengeneza kwa mayai mabichi na imeshinda juani kwenye joto la Dar, inaweza kumlaza mtu kwa tumbo. Lakini kilichoniuma ni mtoto kujinyima chakula kwa sababu ya jina la utani, na sisi watu wazima tukimpongeza. Mtoto anayekua hahesabiwi kalori wala hapandishwi mizani mbele ya wageni. Anakula mnachokula, sosi inakaa kwenye kibakuli chake, maji yanachukua nafasi ya soda, na anaachiwa acheze. Kama uzito unawatia wasiwasi, mtu wa kumwona ni mtaalamu wa lishe wa hospitali, mzazi na mtoto pamoja. Na jina la Bonge lipelekwe kwa mwalimu wa darasa. Wifi alikwenda mwenyewe, akafunga duka nusu siku.

Sasa hivi siku nne za wiki amerudi kwa mama ntilie. Anaomba wali upawa mmoja, maharage, mchicha mwingi, na kachumbari anajitengenezea nyumbani anakuja nayo kwenye kopo. Mama ntilie mwanzoni alinuna, akadhani chakula chake kimetiliwa shaka, sasa anamwekea ndimu kabla hajaomba. Kliniki anarudi mwezi ujao, hatujui mizani itasema nini.

Ijumaa tulipanda tena kule ghorofani, maana kusema kweli tuliimisi. Wifi akaagiza kuku wa kuchoma badala ya kukaanga, bila mkate, akamwambia mhudumu, "Na sosi, mdogo wangu, niletee pembeni."

Yule binti akaja anatabasamu, akaweka vibakuli viwili mezani.

"Dada, leo nimekuongezea cha pili, bure."